Mwosha Chupa Mwenye Shahada

Jumatatu, 4 Machi 1957

Leo nimeambiwa kwamba sijasoma. Aliyeniambia ni Miss Halloway, karani wa Shule ya Ufamasia ya Mtakatifu Kosma, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nilimwekea mezani shahada yangu ya ufamasia, miaka minne ya Bombay, miaka minne ya dengu na joto na kusoma nikiwa nimejifunga taulo mbichi kichwani. Akaisukuma kwa ncha ya penseli, kama mtu anayegeuza panya aliyekufa.

"Hii si ya Uingereza."

"Hapana, madam. Ni ya Bombay."

"Basi fomu yetu haina mahali pa kuiandika."

Mambo yenyewe ni haya. Nisiposajiliwa, siruhusiwi kumpa mtu hata dawa ya kikohozi. Siwezi kusajiliwa kabla ya kusoma mwaka mmoja hapa Kosma. Na Kosma hawapokei mtu ambaye shahada yake hawaitambui. Nilitoka nje nikasimama Government Road kwenye vumbi.

Daftari hili nimelinunua River Road. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu chote kimeishia kwenye fomu, na Kijaluo ni lugha ya mama yangu. Sitaki kutukania watu humo.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda tena. Miss Halloway alikuwa anakunywa chai. Nimerudi.

Jumanne, 12 Machi

Nakaa Dagoretti kwa dada yangu Philister, vyumba viwili nyuma ya soko. Mume wake, Ogutu, anafanya kazi machinjioni. Kazi yake ni kupiga muhuri wa zambarau kwenye nyama iliyokaguliwa. Kila jioni anaingia na harufu ya damu na mafuta, vidole vimekuwa zambarau mpaka kwenye kucha, na kwa vidole hivyo hivyo anamega ugali tunaokula pamoja. Anaongea akiwa na chakula mdomoni.

"Shemeji, hiyo karatasi yako si ina muhuri?"

"Inao."

"Sasa wanataka nini ingine?"

Nimesoma miaka yote hiyo ili niwe mbali na vidole kama hivyo, na sasa nalala nyuma ya pazia lake.

Ijumaa, 15 Machi

Barua ya chuo changu imefika kutoka Bombay, ikiwa imefungwa kwa lakiri kama Kosma walivyotaka. Miss Halloway aliniita, akanionyesha bahasha.

"Tatizo ni kwamba imefunguliwa," akasema. "Sheria inataka iwe imefungwa."

"Nani ameifungua, madam?"

"Mimi. Kufungua barua ndiyo kazi yangu."

Hakuwa anatania. Nilimtazama vizuri nikitafuta dalili ya mzaha, sikuiona.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua imeanza. Barabara ya Dagoretti imekuwa uji mweusi, na damu ya machinjioni inafuata mtaro mpaka mlangoni kwetu.

Leo nimeonana na mkuu wa shule mwenyewe, Bwana Sandiford. Ana shingo nyekundu na hunyonya peremende wakati wote, hata mtu anapomweleza maisha yake. Alinisikiliza, akahamisha peremende kutoka shavu moja hadi jingine, akasema anaweza kunichukua kwa majaribio. Nioshe chupa miezi mitatu. Tabia yangu ikimridhisha, ataniandikia mwenyewe barua ya kunitetea, na nitaingia darasani Julai.

Kibali changu cha kukaa Nairobi kinakwisha mwezi huu, na bila mwajiri hakuna kibali kingine. Nimekubali. Kwenye kibali kipya, mahali pa kazi, wameandika: mwosha chupa.

Jumatano, 3 Aprili

Chupa mia moja na arobaini. Mikono inanuka sabuni na mafuta ya samaki.

Kuna mwanafunzi mmoja, Jitendra, ambaye baba yake ana duka la nguo Bazaar Street. Ameanguka mtihani mara mbili. Leo alinikuta nikisoma lebo, akauliza nilijuaje Kilatini. Nikamwambia. Akakaa juu ya sanduku karibu na sinki, akaniita ndugu kwa lugha yao.

"Odero bhai, basi nieleze mimi hii hesabu ya dozi. Sandiford yeye nasema haraka, halafu nakwenda kunywa chai."

Nikamweleza. Alielewa kwa robo saa.

Jumanne, 9 Aprili

Sasa ni wanafunzi sita wanaokuja kwenye sinki. Bwana Sandiford alitukuta jana, akatutazama, akaenda zake. Nilidhani nimefukuzwa. Kumbe asubuhi hii Miss Halloway alikuwa anapiga chapa maelezo yangu ya dozi, yale niliyomwandikia Jitendra, na chini yake kuna jina la Sandiford. Shahada yangu hawaitambui, lakini kilichomo ndani yake wanakitambua vizuri kabisa.

Nimeosha chupa. Nimekaa kimya. Julai haiko mbali.

Jumanne, 16 Aprili

Lazima niandike hili kwa utaratibu.

Shule ndiyo inayotengeneza dawa za hospitali ya Kosma iliyo upande wa pili wa ua. Daktari wa wadi ya tatu, wadi ya Waafrika, aliagiza dawa mbili: bromidi ya kutuliza mishipa, na maji ya striknini ya kuongeza nguvu, kidogo kidogo. Bwana Sandiford aliwaambia wanafunzi wazitie pamoja katika chupa kubwa, ili muuguzi asihangaike na vijiko viwili.

Striknini ni sumu. Ikiwa kidogo na imeenea majini, mwili unaihimili. Lakini ikikutana na bromidi inajitenga, inageuka chembe nyeupe, na chembe zinashuka chini polepole. Wagonjwa wa mwanzo wanakunywa maji tu. Anayepewa kijiko cha mwisho anakunywa sumu ya wenzake wote. Bombay walitufundisha hili mwaka wa kwanza, kabla hata ya kuturuhusu kushika mizani.

Nikaweka brashi chini nikasema, "Bwana, hizi mbili hazikai chupa moja."

Hakugeuka. "Nani anasema?"

"Ni somo la mwaka wa kwanza, bwana."

"La Bombay?"

Wanafunzi wakacheka. Jitendra hakucheka, alitazama viatu vyake. Sandiford akageuka, akanitazama kwa upole ulionitia baridi.

"Na ombi lako la Julai, Odero, linaendeleaje?"

Nikarudi kwenye sinki.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Chupa tatu zimekwenda wadi ya tatu kwa kigari. Aliyesukuma kigari ni mimi.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Kanisani mhubiri alisoma habari za Pilato na maji yake ya kunawia lawama. Nilitoka kabla ya wimbo.

Jumanne, 23 Aprili

Mtu amekufa.

Tulifunga kwa Pasaka, kwa hiyo nimesikia leo tu, kutoka kwa mfagiaji wa wadi. Marehemu anaitwa Nzioka, mlinzi wa shamba moja huko Uthiru. Alivunjika mguu na alikuwa anapona. Jumamosi asubuhi alipewa dawa, chupa ikiisha. Baada ya muda mfupi mgongo wake ulijikunja kama upinde, watu wanne wakashindwa kumshika. Mke wake ameambiwa moyo ulisimama usingizini.

Sikusubiri amri. Nilivuka ua mbio hadi wadi ya tatu na aproni yangu ya mpira. Chupa ya pili ilikuwa imebaki dawa ya kimo cha vidole viwili. Niliiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikaona chini tabaka jeupe kama sukari ambayo haijakorogwa. Muuguzi alikuwa ameshika kijiko. Nikamnyang'anya. Nikachukua na chupa ya tatu, nikaenda nazo kwa daktari wa wadi, kijana wa Kiskoti asiyezidi miaka thelathini, nikamweleza yote. Aliinua moja kwenye mwanga. Akazifungia kabatini, akatia ufunguo mfukoni.

"Rudi kazini," akasema. Basi, hakuna zaidi.

Mwoga kama mimi, nikafikiri.

Nilipofika kwenye sinki nilikuta chupa ya kwanza imerudishwa pamoja na chupa chafu za wadi nyingine. Ilikuwa imeoshwa tayari. Sandiford mwenyewe, ambaye sijawahi kumwona akiosha hata kikombe chake, alikuwa anakausha mikono.

Nilisema mara moja tu. Mara moja, halafu nikaulizwa habari za Julai, nikanyamaza, kisha nikasukuma kigari.

Jumatano, 24 Aprili

Sandiford aliniita, akafunga mlango, akanipa kiti. Tangu Machi sijawahi kupewa kiti katika jengo lile.

Mezani palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya kunipokea shuleni, imepigwa chapa tayari, yenye jina langu na maneno "shahada ya Bombay, inayotambuliwa na shule hii". Ya pili ilikuwa maelezo yaliyoandikwa kwa jina langu. Yalisema kwamba mimi Nashon Odero, mwosha chupa, nisiye na elimu ya dawa, nilijaza chupa za wadi ya tatu bila ruhusa, kwa kutojua.

"Hakuna atakayekushtaki," akasema. "Mfanyakazi asiye na elimu amekosea, ni bahati mbaya. Jambo litakwisha. Julai utakuwa mwanafunzi wangu."

"Karatasi hii inasema sina elimu, bwana. Na hii inasema ninayo."

"Zitakaa katika mafaili tofauti."

Alisema hivyo, akaingiza peremende nyingine mdomoni. Nilisikia inagonga meno. Akanipa hadi Ijumaa kutia sahihi.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimewaeleza nyumbani. Philister alilia kwanza, halafu akakasirika.

"Tia sahihi, Nashon. Huyo mtu amekufa tayari, hutamfufua. Baba aliuza ng'ombe wote ili uende. Unataka kurudi nyumbani useme ulinyeshewa mvua tu huku Nairobi?"

Mwenyewe nilikuwa nimeshatia sahihi hiyo mara kumi kichwani. Nilikuwa nimefikia hata kuona haya ndogo kuliko nilivyotarajia.

Ogutu alikuwa anasugua kucha zake kwa jivu. Nilitarajia aseme upuuzi wake wa kila siku.

"Mimi hiyo kitu naijua," akasema. "Mwaka jana kulikuwa na ng'ombe ya tajiri moja. Nafungua, naona mapafu imejaa vidonda. Inspekta anasema, Ogutu, piga muhuri. Mimi nikamwekea muhuri kwa mkono. Nikamwambia, bwana, muhuri ni huu, piga wewe."

"Akapiga?"

"Hakupiga. Hiyo nyama ilitupwa. Lakini mimi nilikatwa kazi miezi miwili, muulize dada yako vile tulikula."

Philister alikuwa hajawahi kuniandikia habari hiyo Bombay. Nimekaa na mtu huyu miezi miwili nikihesabu kucha zake.

Ijumaa, 26 Aprili

Nilimrudishia Sandiford kalamu yake. Nikasema, "Bwana, aliyechanganya ndiye atie sahihi."

Shingo yake ilipanda rangi mpaka masikioni. Akasema ninyi watu. Akasema nimsaidie asiniharibie maisha. Mwishowe akasema nivue aproni, na kwamba Miss Halloway ataandikia ofisi ya vibali leo leo.

Nilipopita, Miss Halloway alikuwa ameanza kuandika. Nilimwomba shahada yangu. Aliitoa chini ya sahani ya kikombe. Ilikuwa na duara la chai juu ya jina langu.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimemngoja Jitendra nje ya duka la baba yake. Alikuwepo siku ile, aliona na alisikia kila neno. Nilimwomba aje nami tukaseme.

"Bhai, mimi mtihani Juni. Ya tatu hii. Baba yangu..." Akageuka kutazama dukani.

Nilitaka kumtemea mate. Halafu nikakumbuka jinsi nilivyookota brashi yangu siku ile, upesi, bila hata kulazimishwa mara mbili. Nikamuaga kwa heshima.

Ijumaa, 3 Mei

Kibali kimefutwa. Niwe nimeondoka Nairobi kabla ya tarehe mbili Juni. Mvua haikomi. Nguo hazikauki, na chumba kizima kinanuka kama kitambaa cha sinki.

Jumatatu, 6 Mei

Nimekwenda Uthiru kwa miguu, nimeuliza nyumba hadi nyumba mpaka nikampata mjane wa Nzioka. Anaitwa Kanini. Alikuwa na shemeji yake, Nthiwa, seremala. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, lakini nilipoona kofia ya marehemu ukutani yote yakapotea.

"Mama, mume wako hakufa kwa moyo," nikasema. "Alikufa kwa dawa. Ilichanganywa vibaya shuleni kwetu."

Hakulia. "Wewe ulijuaje?"

"Niliona ikichanganywa."

"Ukasema?"

"Nilisema mara moja."

"Mara moja," akarudia. Nthiwa alisimama, nikadhani atanipiga, na ningekubali. Lakini Kanini alimshika mkono.

"Huyu anaweza kusema mara ya pili," akasema. "Sasa sema mbele ya serikali."

Jumatano, 8 Mei

Nthiwa aliwahi kutengeneza madawati ya wakili mmoja wa Kihindi, Bwana Mahesh. Tumekwenda kwake wote watatu. Amesoma maelezo yangu na amemwandikia hakimu kuomba uchunguzi wa kifo. Akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu wataanzia kwenye shahada yangu. Nikamwambia waanzie wanapotaka.

Jumapili, 12 Mei

Mvua.

Jumatano, 22 Mei

Uchunguzi umefanyika mjini, siku moja nzima. Wakili wa shule alinisimamisha nikiwa na koti la kuazima.

"Kazi yako Kosma ilikuwa nini?"

"Kuosha chupa."

"Sema kwa sauti."

"Kuosha chupa."

"Na hii," akainua shahada yangu na duara lake la chai, "shule yenyewe haikuitambua?"

"Haikuitambua."

"Basi mahakama isikilize nini hapa, hekima ya sinki?"

Watu wakacheka. Wanafunzi nao walicheka hivi hivi siku ile. Lakini safari hii hapakuwa na Julai ya kunifunga mdomo. Nikamwomba hakimu ruhusa, nikaeleza kuhusu bromidi na striknini polepole, kama nilivyowaeleza wale sita kwenye sinki. Hakimu aliandika. Aliniuliza maswali mawili, yote ya maana.

Kisha akaitwa daktari wa wadi, yule kijana niliyemwita mwoga. Aliingia na sanduku. Ndani mlikuwa na chupa zile mbili, na barua ya mkemia aliyezipima: maji ya juu karibu hayana striknini, tabaka la chini linatosha kuua. Kumbe alizipeleka siku ile ile, akanyamaza kwa sababu alijua nani angezitafuta.

Na baada ya chakula cha mchana alisimama Jitendra. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amevaa tai, na sauti yake ilikuwa inakatika, lakini alisema yote, mpaka kicheko cha wenzake na swali kuhusu ombi langu. Baba yake alikaa nyuma, uso kama jiwe. Sijui nyumbani kulikuwa vipi.

Hakimu ameandika kwamba Nzioka aliuawa na dawa iliyochanganywa kwa uzembe wa Sandiford, baada ya kuonywa na mtu mwenye ujuzi. Hospitali imekatazwa kupokea dawa za shule. Hakuna aliyefungwa. Mahesh anasema Sandiford ataondoka kwa meli, na atapata kazi kwingine, kwa sababu shahada yake inatambuliwa kila mahali.

Mtu mwenye ujuzi. Nilitaka kufurahi. Nilijisikia kama mtu aliyekunywa maji ya sinki.

Alhamisi, 30 Mei

Barua ya Kosma, sahihi ya Miss Halloway. Ombi langu limekataliwa kwa sababu ya tabia. Shahada haikutajwa kabisa.

Jumamosi, 1 Juni

Gari la moshi la Kisumu linaondoka jioni. Hospitali moja ya misheni kule nyumbani imekubali nikaweke hesabu ya stoo yao ya dawa. Si kazi ya mfamasia, lakini nitakuwa karibu na chupa nitakazozijua. Daktari wa Kiskoti ndiye aliyewaandikia. Ogutu amebeba sanduku langu hadi barabarani, akanishika mkono kwa mkono wake wa zambarau, nikaushika kwa yote miwili.

Kabla ya hapo, saa nne asubuhi, Kanini alikuja. Ametembea kutoka Uthiru kwenye tope. Philister alimpa kiti, akakataa chai.

"Sikuja kukushukuru," akasema.

"Najua, mama."

"Nimekuja kuuliza kitu moja. Daktari, wauguzi, hata mchungaji, wote wananiambia alilala. Wewe umesoma hii dawa. Yeye aliumia?"

Philister alinitazama kwa macho ya kunisihi. Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, na mama huyu angerudi kwake akiwa na kitu laini cha kushika. Na mimi najua striknini inafanya nini: inakaza mwili wote lakini haigusi akili. Mtu anakuwa macho mpaka mwisho.

"Aliumia, mama," nikasema. "Aliumia sana. Na alijua."

Kanini aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye nilimuosha," akasema. "Vidole vyake havikunyooka. Nilijaribu na maji moto, havikunyooka. Halafu kila mtu ananiambia alilala, alilala, nikafikiri ni mimi nimeanza wazimu."

Ndipo akalia, kwa sauti, kama ambavyo nadhani hakuwa amelia tangu Pasaka. Philister akaketi chini karibu naye, akamshika miguu yenye tope.